Matundu Kulia, Matundu Kushoto

Tarehe 6, mwezi wa pili

Bibi, mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nikuambie alichofanya kitukuu chako sasa hivi, maana bado nacheka. Niligeuka kuchukua karatasi, kugeuka tena kalamu haipo. Nimeinua godoro, nimepekua beseni la nguo, hakuna. Kumbe Meneja ameibeba hadi mlangoni, ambako msoma mita ya maji amesimama na kaptura yake anaandika namba, na amemchora mguu mzima kuanzia kisigino hadi gotini. Mtu mwenyewe hana habari. Nikasema, "Samahani kaka, huo mguu." Akainama, akauangalia, akauliza, "Huyu ndiye mwenye nyumba?" Nikamwambia ndiye. Akampa na karatasi ya mita asaini, na Meneja akasaini.

Kwa hiyo jina ulilompa siku ile ulipomwona anakunja uso kitandani bado linamkaa. Ana meno manane na anayatumia yote. Anatembea kama mtu anayekwenda kumfukuza mwingine kazi.

Mimi sijambo. Duka la dawa bado ni lilelile. Nafagia, nafuta rafu, napanga maboksi stoo, na mara nyingine Mfamasia ananiachia nisome majina ya dawa kwa sauti yeye akiandika. Nayasoma vibaya, ananirekebisha. Akimtazama mtu juu ya miwani, mtu anakumbuka makosa yake yote tangu utotoni. Lakini ananiruhusu kwenda na Meneja kazini, na hilo silisahau.

Sasa neno lenyewe. Mjomba alinipigia simu Jumapili. Kasema nikuulize kuhusu mashati ya shule. Nikasema, mashati gani? Akasema, "Muulize mama mwenyewe," akacheka. Halafu akaacha kucheka. Hapo alipoacha ndipo mimi nilipoanza kuogopa.

Ningekupigia, ila wewe na simu tunawajua: unapiga kelele "Nani? Nani?" mpaka mtu anajisahau na yeye ni nani. Basi niandikie. Mashati yana nini?

Mimi, mke mdogo


Tarehe 31, mwezi wa pili

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ninaumwa. Mwambie Meneja miguu ya watu haichorwi kwa wino, inachorwa kwa chaki, tena chaki ya fundi, inatoka kwa maji. Nikimpata nitamfundisha.

Hapa wote wazima. Mvua imeharibu bati la jirani, sio langu. Yule Fundi Saa wa duka la mkabala, yule mgane, bado anavaa saa tatu mkono mmoja. Anasema anazipima za wateja. Kila moja inasema lake. Huja saa kumi jioni na chupa ya kahawa, anakaa kwenye benchi langu, anazungumza kuhusu springi. Nakunywa kikombe kwa adabu tu.

Mashati hayana kitu. Shule iliagiza mashati arobaini, nimeshona mashati arobaini. Kola zimesimama kama askari. Watu wa mtaa huu hawana kazi, ndiyo maana wana maneno. Na mjomba wako tangu azaliwe anapenda kunisemea kwa watu.

Mimi ni mzima. Mdomo tu unanikauka, siku hizi hata mate ya kulowesha uzi niupitishe kwenye sindano sina, nauchovya kwenye kikombe cha maji kama mwanafunzi. Usingizi ulikuwa umenihama, lakini hilo limekwisha, nimelipatia dawa, sasa nalala kama gogo.

Nitumie vipimo vya baba Meneja, kifua na urefu wa mkono, nimempatia kitambaa kizuri cha rangi ya majivu. Hajambo lakini? Barua yako hukumtaja.

Mkasi wangu mkubwa ulipotea siku tatu, nimeukuta ndani ya sufuria. Nani aliuweka humo sijui.

Nitumie vipimo vya baba Meneja, kifua na mkono, nina kitambaa.

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 19, mwezi wa tatu

Bibi yangu,

Shikamoo tena shikamoo, moja ya leo na moja ya ile tarehe 31 mwezi wa pili, siku ambayo sisi wengine hatukubahatika kuiona. Ilikuwaje? Kulikuwa na jua?

Meneja ana mafua madogo, anapiga chafya halafu anatutazama kwa hasira kana kwamba sisi ndio tumepiga. Mimi mzima. Kazini Mfamasia amenipa koti jeupe la zamani, mikono inanifikia vidoleni, wateja wawili wameshaniita daktari na sikukataa upesi.

Bibi, nisikufiche. Mjomba amenitumia picha ya shati moja. Nimeikuza kwenye simu mpaka nimeona uzi. Kola nzuri, mfuko umekaa, pindo limenyooka kama ulivyonifundisha. Halafu mbele: matundu ya vifungo upande wa kulia, matundu ya vifungo upande wa kushoto. Sita na sita, yametazamana kama watu waliogombana. Kifungo hata kimoja hakuna. Na Mjomba anasema yote arobaini yako hivyo, na mwalimu mkuu aliyarudisha kwenye magunia mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

Ningekuwa sikujui ningecheka. Nilicheka kidogo. Kisha Mjomba akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia: kwamba tarehe 20 mwezi wa sita anakuja na gari kukuchukua ukakae kwake, ghorofa ya nne, na cherehani atampa mtu. Kasema, "Mama ameanza kupotea. Bora atulie mahali tunamwona." Nikamwuliza kama amekuuliza. Akasema mtu anayepotea haulizwi njia.

Mimi nimelelewa chini ya cherehani hilo, Bibi. Mlio wake ndio uliokuwa unanilaza. Sitaki apewe mtu.

Sasa nijibu hili moja tu. Umeandika umeupatia usingizi dawa. Dawa gani? Ina rangi gani, unameza ngapi, nani alikupa? Usinijibu "dawa tu." Mimi sasa nina koti jeupe.

Mke mdogo


Tarehe 20, mwezi wa nne

Wewe,

Marahaba, lakini nusu. Nusu nyingine utaipata ukiacha kunihoji kama polisi.

Meneja apone haraka. Nimemshonea gauni la njano, nalituma na barua hii, limfariji. Hapa jua kali. Cherehani nimelitia mafuta.

Mwambie mjomba wako kwamba ghorofa ya nne wanakaa njiwa. Mimi nikakae kule nifanye nini, nihesabu vichwa vya watu wanaopita? Mke wake ni mtu mwema lakini anakunja nguo kama anafunga vitumbua. Miaka arobaini na moja nimekaa nyuma ya cherehani hili. Nimemshonea kaptura ya kwanza, suti ya harusi, na shati alilovaa siku alipokuja kuniambia mimi ni mzee.

Ati dawa. Ni vidonge vya mafua tu, vile vidogo vya njano, vinauzwa kila kona kama peremende. Jirani alinionjesha. Kimoja kabla ya kulala. Au viwili. Nikishtuka katikati naongeza. Mafua sina, lakini vinaniangusha usingizini vizuri, tena bila ndoto. Unaona sasa? Ni kitu cha watoto.

Na ukitaka kujua kwa nini usingizi ulinihama, sijui. Kahawa haiwezi kuwa. Vikombe vinne sio vingi.

Vipimo vya baba Meneja havijafika.

Nikuambie kitu, lakini ukimwambia mjomba wako sikuandikii tena. Wiki iliyopita nilikaa mbele ya cherehani, uzi mkononi, na sikujua unapita wapi. Nilikitazama kile chuma kana kwamba ni mali ya mtu mwingine. Mteja alikuwa amesimama. Nikajifanya ninasubiri mwanga uwe mzuri. Ilikuwa saa saba mchana.

Bibi


Tarehe 29, mwezi wa nne

Bibi yangu wa peke yangu,

Shikamoo. Gauni limefika. Limempendeza sana. Lina mikono mitatu. Meneja anaupenda wa tatu kuliko yote, anaweka mkate humo na anatembea nao, akisikia njaa anazamisha mkono. Ukija kushona tena, watoto wote wa hapa watataka hivyo.

Sasa kaa vizuri, vaa miwani, na usome polepole, kwa sababu nimelisubiria neno hili tangu nilipoona neno "njano" kwenye barua yako. Nilikimbia nayo mpaka kwa Mfamasia. Kwanza akauliza, "Mdomo unamkauka?" Nikamwambia hata mate ya kulowesha uzi hana. Akavua miwani. Huyu mama havui miwani hovyo.

Niliwahi kumsikia akimweleza mteja mmoja mambo haya kwa chupa na vifuniko, lakini mimi nitakuelezea kwa lugha yako.

Ndani ya ubongo kuna matundu ya vifungo mengi kuliko mashati yote uliyowahi kushona. Yeye anayaita vipokezi. Kila tundu lina kifungo chake, na kifungo hicho mwili unajitengenezea wenyewe. Kifungo kikiingia, jambo linafanyika: hapa unakumbuka, pale unasinzia, pale unafurahi, pale unashtuka. Ndivyo tulivyo, Bibi, kufunga na kufungua mchana kutwa.

Sasa dawa, kahawa, tumbaku, pombe, vyote hivyo ni vifungo vya kununua. Viko vinavyofanana na vya mwili kiasi kwamba vikiingia shati linafunga kweli, pengine linabana mpaka mtu hapumui. Na viko vingine vinaingia kwenye tundu vinakaa pale, lakini havina uzi kwa nyuma. Havifungi kitu. Vimekaa tu. Kifungo halali kinakuja, kinakuta pamejaa, kinarudi.

Kahawa ni ya namna hiyo. Tangu unapoamka mwili unatengeneza vifungo vya usingizi, kimoja kimoja, jioni vinajaa kwenye matundu yake na macho yanakuwa mazito. Kahawa inakaa kwenye matundu hayohayo na haifungi. Kwa hiyo usingizi wako haukukuhama. Umesimama mlangoni, hauna pa kukaa! Na kahawa haina haraka ya kuondoka. Ile unayokunywa saa kumi jioni, ikifika saa nne usiku karibu nusu yake bado imo. Vikombe vinne, Bibi. "Kwa adabu."

Halafu unameza vidonge. Hivyo navyo vinaziba matundu ya kukaa macho, ndiyo maana unaanguka kama gogo. Lakini vidonge havina macho. Vinaingia na kwenye matundu ya jirani, ya mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Vinaingia na kwenye matundu ya kumbukumbu, yale yanayokuambia uzi unapita wapi, mkasi uko wapi, na mwezi wa pili una siku ngapi. Mfamasia anasema kwa kijana vinatoka mapema, lakini mwili wa mtu mzima unachelewa kuvitoa, vya jana vinakutana na vya leo mlangoni, na miezi inapita hivyo.

Unaelewa ninachosema? Wewe hukusahau vifungo. Ubongo wako ndio ulikuwa umevaa lile shati.

Anasema hawezi kuapa, hajakuona, pengine kuna jingine. Umwoneshe muuguzi wa zahanati pakiti yenyewe, usione haya. Lakini anasema angekuwa ni mama yake angeviacha, angevumilia siku kadhaa za kulala vibaya, na kahawa angeihamishia asubuhi.

Hapo kwenye kahawa sasa, mke mwenzangu. Wewe kahawa huipendi. Mimi nilikaa na wewe miaka kumi na minane, ulikuwa unaiita maji ya kuoshea masizi. Leo unakunywa vinne, saa ileile, na mtu yuleyule, na mazungumzo ni springi? Nilimwuliza Mfamasia. Akasema kuna furaha ambayo mtu haipati kwa kumeza kitu, mwili unatengeneza vifungo vyake wenyewe, na vinaanza kutengenezwa hata kabla, pale mtu anapotazama saa. Wewe una tatu za kutazama, zote mkononi mwa mtu.

Mume wetu marehemu anajua habari hii? Maana kama kuna mume mpya, na mimi nina haki ya kuambiwa.

Mke mdogo, mwenye koti


Tarehe 13, mwezi wa tano

Wewe mtoto,

Marahaba. Barua nimeisoma. Sikuipenda. Usinifundishe mimi vifungo.

Wote wazima.

Fundi Saa sasa anakuja saa nne asubuhi. Usiulize.

Vipimo.

Bibi


Tarehe 22, mwezi wa sita

Mke mwenzangu mdogo, daktari wa mikono mirefu,

Marahaba, nzima, na nyingine juu yake.

Natuma gauni jipya la Meneja, mikono miwili, nimeihesabu na Fundi Saa naye ameihesabu. Yeye hajambo. Ameanza kuja na kikombe chake mwenyewe, anakiacha hapa akiondoka. Nimekitundika kwenye msumari ulio karibu na wa kikombe changu. Basi, hayo ya kikombe yameisha.

Nikupe habari ya Jumamosi taratibu, kwa sababu nimeingoja kuiandika.

Vile vidonge niliviacha siku ileile barua yako ilipofika. Sikukuambia kwa sababu ungejivuna. Muuguzi nilimwonesha pakiti, akapiga mdomo wake kwa kiganja, akasema, "Mama, hivi vyote ni wewe?" Siku tano za mwanzo nilikuwa nalala kama mtu aliyekaa juu ya sindano. Nilitaka kukutukana, nikakosa stempu. Siku ya tisa mate yakarudi. Uzi ukapita mara moja. Nililia kidogo, mteja akadhani nimejichoma.

Halafu nikayafungua yale magunia ya mashati. Nimeziba matundu ya upande wa kulia yote, sita kwa arobaini, na juu ya kila tundu nikaketisha kifungo. Matundu mia mbili na arobaini. Mwalimu mkuu aliligeuza shati ndani nje akitafuta kosa, hakuliona. Alisema, "Kumbe yalikuwa mazuri." Nikamwambia yalikuwa yanangoja.

Jumamosi mjomba wako akafika, na gari, na mkewe, na maboksi matupu sita. Nikawapa viti. Akaanza kunisemesha kwa sauti ile wanayosemeshwa watoto. "Mama, leo tarehe ngapi?" Nikamwambia ni tarehe ishirini, Jumamosi, mwezi wa sita, mwezi wenye siku thelathini. Akasema, "Vizuri sana," kama mwalimu. Hapo ndipo aliponiudhi.

Nikamwambia, na mwezi kama huu, wewe ukiwa na miaka minane, ulijificha ndani ya kabati la vitambaa asubuhi nzima kwa sababu msichana wa darasa lako alikupiga ukalia. Mkewe akaweka kikombe chini. Akasema, "Endelea mama." Nikaendelea. Nikamkumbusha kaptura aliyoirudisha imelowa akasema ni mvua, kiangazi. Nikamkumbusha aliponyoa nyusi zake mwenyewe. Nikampa majina, siku, na rangi ya nguo kila mtu aliyovaa, maana mimi nakumbuka kwa nguo. Nilipofika kwenye ile barua aliyomwandikia mwalimu wake wa hesabu, na kwamba mwalimu aliisahihisha kwa wino mwekundu akairudisha, mjomba wako akasimama akasema, "Basi, basi! Mama akili yake iko sawa. Iko sawa kabisa." Mkewe akasema, "Mimi sijaridhika. Aulizwe tena."

Maboksi amerudi nayo. Cherehani liko mahali pake. Kabla hajaondoka aliniambia, huku amegeukia mlango, "Niliogopa, mama." Nikamwambia hata mimi. Tukaishia hapo, na inatosha.

Suruali aliyoniachia nipunguze nimempa. Mifuko yote nimeishona ikafunga. Huo sio usahaulifu. Atajua atakapotafuta funguo za gari.

Sasa zamu yako.

Umenifundisha kusoma dalili, nami nimesoma. Tangu mwezi wa pili nakuomba vipimo vya baba Meneja. Mwanamke haishi na mwanaume nyumba moja akakosa upana wa kifua chake miezi minne. Hata kwa kukadiria kwa mikono. Barua zako zote zina msoma mita, zina Mfamasia, zina mafua, yeye hayumo hata kwenye salamu. Na huyo mteja wa Mfamasia, aliyeelezwa kwa chupa na vifuniko, nimemfikiria sana. Ulijuaje upesi hivyo, mjukuu wangu? Ulisoma neno "njano" ukakimbia. Mtu hakimbii hivyo kwa kitu ambacho hakijawahi kumuuma.

Mimi nimekupa aibu zangu zote, mpaka ya kikombe. Nipe moja.

Chumba cha nyuma nimetoa vitambaa. Siandiki kwa nini.

Jibu, lakini usikimbilie posta. Andika polepole.

Bibi yako, mke mkubwa


Tarehe 4, mwezi wa saba

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Gauni la mikono miwili limefika jana. Meneja ameutafuta wa tatu, ameugeuza huku na huku, halafu amekaa chini akalia kama aliyeibiwa. Sasa hivi yuko mbele ya duka anakagua wateja. Mimi niko stoo, nimekaa juu ya boksi la pamba, naandika polepole kama ulivyoniagiza.

Kuhusu Mjomba nimecheka mpaka Mfamasia amekuja kuona kama kuna dawa imemwagika. Nikamsomea. Alicheka pale kwenye wino mwekundu, na mimi sikujua kwamba ana meno ya pembeni ya dhahabu.

Haya. Moja ya kwangu.

Baba Meneja aliondoka mwezi wa kumi, mtoto ana miezi minane. Hakugomba. Alikunja nguo zake vizuri kuliko siku zote, akasema anakwenda kutafuta maisha, kana kwamba sisi tulikuwa kitu kingine. Vipimo vyake sina kwa sababu sitaki tena kujua ni mpana kiasi gani. Sikukuambia maana niliona ukijua utaacha kuniita mke mwenzako, utaanza kuniita maskini.

Na usingizi ulinihama mimi pia. Hapa dukani mimi ndiye ninayefagia chini ya rafu, vidonge vya njano nilivijua vilipo. Nikawa nameza. Kimoja, viwili, kama wewe. Asubuhi nilikuwa naamka lakini siamki. Siku moja nikafunga kazi, nikaenda nyumbani, nikavua viatu, nikaweka maji jikoni. Maji yakachemka. Nikatoa vikombe viwili, changu na cha Meneja, nikakitazama kile cha pili. Bibi, nilikuwa nimemwacha. Alikuwa stoo, nyuma ya maboksi, hapahapa nilipokaa sasa.

Nilikimbia bila viatu. Nikamkuta Mfamasia amekaa sakafuni na koti lake jeupe, Meneja amelala mapajani mwake fofofo. Amelala kwa sababu yangu, maana nilichomeza kilikuwa kinapita kwenye maziwa. Nikangoja anifukuze. Yule mama akanitazama, bila miwani, akasema, "Kaa chini." Akashusha chupa tano na vifuniko vyake, akaanza, "Ndani ya ubongo kuna vipokezi." Mteja aliyekuwa anaelezwa ni mimi. Sijameza tena tangu siku ile, na Meneja hajalala tena tangu siku ile, tuko sawa.

Ndiyo maana nilikimbia na barua yako. Kwako niliweza kuona kile nilichokuwa nacho mimi, na nikafikiri, huyu simwachi stoo.

Nimekwisha kusema. Nilidhani nitalia, sijalia. Nimeona njaa tu.

Sasa hicho chumba cha nyuma. Hukuandika kwa nini, na mimi siulizi, ila nilianza kupanga begi tangu juzi, nikiweka nguo Meneja anatoa, nikiweka anatoa, kwa hiyo tutafika labda mwakani. Mfamasia anasema huko kwenu zahanati inatafuta mtu wa kupanga dawa, anayesoma majina kwa sauti, na kwamba mimi sasa ninakosea machache. Mchana ningekuwa huko, jioni chini ya cherehani, wewe unanifundisha matundu. Kulia peke yake, au kushoto, si yote mawili. Na ningemwona huyo wa springi kwa macho yangu, nimkague, maana mke mdogo naye ana

Ngoja, Mfamasia ananiita. Nimemjibu nakuja. Anaita tena, anasema niache upesi kuandika, kuna mzee mlangoni amevaa saa tatu mkono mmoja, amekumbatia chupa ya kahawa, na nyuma yake kuna bibi mwenye utepe wa kupimia shingoni anayemjibu kila anayemsalimia "Nani? Nani?", na Meneja amekwisha kumchora mguu, na huyo bibi badala ya kukasirika ametoa chaki mfukoni anamchora na yeye, sasa wote wawili